Mgeni na Desturi za Ugenini

Wazee wametuachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema: Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Ya pili yasema: Mwacha mila ni mtumwa. Mtu akaaye kwao huzitumia zote mbili bila taabu, leo hii, kesho ile, kama mtu mwenye makoti mawili. Lakini aliyekwenda kufanya kazi katika nchi ya watu, methali hizi humshika zote mbili siku moja na saa moja, naye hana budi kuchagua. Basi, ndugu wasomaji, twataka kulitazama neno hili pamoja nanyi, maana nyumba nyingi katika parokia zetu zina mtoto, ndugu au shemeji aliyeko Ulaya, na wazazi wauliza: "Mtoto wetu amebadilika. Je, ametutupa, ama amejifunza tu?" Swali hilo si la kudharauliwa.

Tutasema juu ya Ubelgiji, kwani ndiyo nchi ya kigeni ambayo watu wetu wameijua kwa muda mrefu, na ndiko sisi tulikoona kazi kwa macho yetu.

Mambo madogo tuyapite upesi. Huko chakula cha mchana kazini ni mkate uliofungwa nyumbani asubuhi, nao huliwa baridi, kila mtu wake. Mtu wa kwetu hukaa na mkate mkononi akitazama kulia na kushoto, akingoja nani atasema karibu. Hakuna asemaye. Siku yako ya kuzaliwa, wewe ndiwe uletaye keki kwa wenzako, si wao. Mkubwa wa kazi mara nyingi huitwa kwa jina lake tupu, bila Bwana wala Mama, na kijana wa miaka ishirini amwita hivyo mtu wa miaka sitini. Sheria yataka saa 38 za kazi kwa juma, tangu mwaka 2003; na saa hizo ni za kufanya kazi, si za kuwapo tu mahali pa kazi. Saa ya kutoka ikifika, mtu huvaa koti lake akaenda, wala hamwagi mkubwa kwa maneno mengi. Mambo hayo yote huumiza mwezi mmoja au miwili, kisha hayaumizi tena. (Tuseme pia, kwa kucheka kidogo, kwamba mtu wa Bukavu au wa Lubumbashi akifika mtaa wa Matonge, huko Brussels, desturi ya kwanza anayopaswa kujifunza si ya Wabelgiji. Ni Kilingala.)

Lakini yako mambo mengine ambayo yafanana na hayo madogo, kumbe ndani yake mna swali la dhamiri.

Tuseme kijana wa kwetu amepata kazi katika ghala moja karibu na bandari ya Antwerpen. Mkubwa wake ni mwanamke wa miaka arobaini. Amweleza kwa Kiholanzi, ambayo ndiyo lugha ya kazi katika sehemu ile ya nchi, namna ya kupanga mizigo. Kisha amwuliza: Umefahamu? Kijana ainamisha macho, ajibu: Ndiyo. Kwetu ile ndiyo yasema: Nimekusikia, mama, wala sikudharau. Na macho yaliyoinama yasema neno lilelile kwa mara ya pili. Lakini kwao ndiyo yasema: Nimejua, waweza kuniacha peke yangu. Na macho yaliyoinama yasema: Nina neno ninaloficha. Jioni mizigo imepangwa vibaya. Yule mwanamke hasemi, Hakufahamu. Asema, Amenidanganya.

Je, amemdanganya? Mtakatifu Augustino, ambaye aliandika kitabu kizima juu ya uongo, alifundisha kwamba uongo wakaa katika nia ya kudanganya. Mtu asemaye neno lisilo kweli akidhani ni kweli, amekosea, hakusema uongo. Kwa kipimo hicho kijana wetu hana hatia. Nia yake ilikuwa heshima. Wengi wetu hutulia hapo na kusema: Basi, kosa ni la Wazungu wasiotufahamu.

Sisi hatuwezi kutulia hapo. Kwa maana tendo la mtu ni kama neno lake: lina lugha. Nikimwambia mtu asiyejua Kiswahili, "Kaa chini," naye akabaki amesimama, siwezi kusema amenidharau. Hali kadhalika heshima yangu, nikiionyesha kwa ishara ambayo kwao ni ishara ya udanganyifu, bado haijamfikia. Imebaki kwangu. Na heshima inayobaki kwangu yamfaa nini yule niliyetaka kumheshimu?

Tena liko jambo gumu zaidi. Siku ya kwanza kijana huyu hakudanganya, kwa sababu hakujua. Lakini mwaka wa pili amekwisha kujua. Ameona mara nyingi ndiyo yake yachukuliwa namna gani. Akijibu tena ndiyo, hali hajafahamu, haifai ajifiche nyuma ya mila ya kwao. Neno ni lilelile, sauti ni ileile, macho yameinama vilevile. Lakini sasa ajua anayemsikiliza ataamini nini. Jana ilikuwa adabu, leo ni uongo. Kilichobadilika ni ujuzi wake tu. Hapo ndipo ugenini unapokuwa mzigo kweli: si kwa sababu desturi ni nyingi, bali kwa sababu kila desturi mtu anayojifunza humwondolea udhuru mmoja.

Mtu aweza kutujibu hivi: "Kwa nini sisi tu ndio tujifunze? Wao wajifunze kwetu pia." Jibu hilo lina haki ndani yake, na wazee wetu wana sababu ya kulisema kwa uchungu. Kwani wakati wa ukoloni desturi za ugenini zilitujia mpaka nyumbani, nasi hatukuwa tumesafiri. Katika mwaka 1948 serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilianza kutoa kadi ya sifa kwa wale waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na katika 1952 amri nyingine iliruhusu wachache kuandikwa katika daftari pamoja na Wazungu. Ili kupata daraja hiyo mtu alipaswa kuchunguzwa. Wakubwa walifika nyumbani mwake, wakaangalia vyombo vyake, meza yake, namna alivyoishi na mke wake na watoto wake. Baba wa nyumba alisimama katika sebule yake mwenyewe kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Watu waliofanyiwa hivyo walikuwa makarani, waalimu, wauguzi. Walikuwa katika nchi ya baba zao. Na hata hivyo waliulizwa kama wanaweza kula kwa uma.

Tofauti iko wapi basi kati ya jambo lile na kijana wetu wa Antwerpen? Twaiona katika methali yenyewe, tukiisikiliza vizuri. Yasema fumba jicho. Haisemi ling'oe. Jicho lililofumbwa bado ni jicho, na mwenyewe aweza kulifumbua atakapo, akifika kwake. Mgeni anayefumba jicho afanya kitendo cha hiari, kwa ajili ya wenye chongo, ili wasione haya mbele yake. Lakini wale wakubwa wa 1952 hawakuomba mtu afumbe jicho. Walitaka aonyeshe kwamba hana tena jicho la zamani, na kwamba kwa kulikosa amekuwa mtu zaidi. Huyo ndiye aliyetakiwa kuwa mtumwa ambaye methali ya pili yamtaja. Kwa hiyo methali zile mbili labda hazigombani sana kama tulivyodhani. Zasema juu ya watu wawili mbalimbali. Shida ni kwamba mtu aweza kuwa wa kwanza asubuhi na wa pili jioni, bila kujua ni saa ngapi alivuka.

Hapa twamkumbuka mama mmoja wa Afrika aliyehamia Ulaya zamani sana. Ni Mtakatifu Monika. Alitoka Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, akamfuata mwanawe Augustino mpaka Milano, yapata mwaka 385. Kwao ilikuwa desturi kupeleka uji, mkate na divai penye makaburi ya mashahidi. Alipofika na kikapu chake katika Milano, mlinzi wa mlango alimzuia, kwa kuwa askofu Ambrosio alikuwa amekataza jambo hilo. Wengine walilitumia kwa ulevi, tena lilifanana na karamu ambazo wapagani waliwafanyia wafu wao. Monika akaacha, bila kununa. Halafu akaona jambo jingine: watu wa Milano hawafungi siku ya Jumamosi. Akafadhaika, asijue afuate ipi, desturi ya kwao au ya pale. Augustino akamwendea Ambrosio kumwuliza. Ambrosio akajibu kwa kueleza tu yale afanyayo mwenyewe: akiwa Roma afunga Jumamosi, akiwa Milano hafungi. Augustino aliyaandika hayo miaka mingi baadaye katika barua kwa mtu aitwaye Januari.

Watu huitaja sana habari ile ya kufunga. Sisi twapenda zaidi neno dogo ambalo Augustino aliliweka katika habari ya kikapu. Asema kwamba labda mama yake asingeliiacha desturi ile kwa urahisi hivyo, kama angezuiwa na mtu mwingine ambaye hakumpenda jinsi alivyompenda Ambrosio. Mwana mkweli huyu! Hakusema mama yake alishindwa na sheria, wala na hoja. Alisema aliacha kwa sababu ya mtu. Na wakubwa wa kazi wa Ulaya wangefaa kulisikia neno hili. Mkubwa ambaye hajawahi kumwuliza mgeni jina lake lasemwaje vizuri, hawezi kushangaa kama mgeni afuata kanuni zake kwa mikono tu. Lakini tumewaona pia wengine ambao siku ya kwanza walimchukua mgeni pembeni wakamwambia: "Hapa usiposema hujafahamu, tutadhani umefahamu. Sema tu. Hatutakucheka." Maneno kama hayo huokoa miaka miwili ya maisha ya mtu.

Sasa tufike penye jambo ambalo hasa limetufanya tuandike.

Katika Ubelgiji mfanyakazi aliyefiwa apewa siku za ruhusa, na mshahara wake haukatwi. Mambo hayo yamepangwa na amri ya mfalme ya tarehe 28 Agosti 1963, ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Akifiwa na baba au mama, ni siku tatu. Akifiwa na mume, mke au mtoto, tangu 2021 ni siku kumi. Ndugu wa tumbo moja, au babu, au nyanya, asiyekaa naye nyumba moja: siku moja. Baba mdogo, baba mkubwa, mama mdogo, shangazi, mjomba: hawamo katika orodha ya sheria. Mapatano ya mahali fulani pa kazi yaweza kuongeza, lakini sheria haiwajui.

Tuseme mtu wetu mmoja afiwa na baba yake mdogo huko Uvira, yule aliyemlea na kumlipia shule. Afika kazini, asema: Baba amekufa. Karani amhurumia, hamwulizi karatasi, ampa siku tatu. Miaka miwili yapita. Sasa anakufa baba aliyemzaa. Arudi ofisini, asema: Baba amekufa. Karani afungua faili, aona maneno yaleyale yameandikwa zamani, afunga faili. Hasemi neno la ukali. Ataka cheti cha kifo tu, na uso wake umebadilika. Wenzake kazini wasikia, mmoja auliza kwa mzaha, "Una baba wangapi?" Na mtu huyu, ambaye leo ni yatima kwa hesabu yoyote, ya kwao na ya kwetu, ahesabiwa mwongo siku ileile.

Kwetu jibu la mzaha ule ni jepesi: nina baba wote waliozaliwa pamoja na baba yangu. Si maneno ya adabu tu. Baba mdogo ana haki ya kunipiga na wajibu wa kunizika. Mimi namwita baba kwa sababu ni baba. Kwa hiyo aliposema mara ya kwanza "Baba amekufa," alisema kweli tupu kwa Kiswahili. Bahati mbaya aliisema kwa Kifaransa. Na katika Kifaransa cha ofisi lile neno lauliza jambo moja dogo tu: nani alikuzaa, kwa cheti?

Basi afanye nini? Wako watu wetu wasemao: "Kuandika oncle ni kumkana baba. Afadhali siku tatu nizipate kwa neno la kweli la kwetu." Twawahurumia, lakini hatukubaliani nao. Karatasi ile haiulizi unampenda nani. Wala haiulizi unamlilia nani. Yauliza mfuko wa tajiri utatoa fedha kwa ajili ya kifo kipi, kwa mapatano waliyoyafanya wao kwa wao kabla hujafika. Mtu anayejua hivyo, kisha aandika baba, amechukua fedha kwa neno lenye sura mbili, na zaidi ya hayo amewaharibia njia wale watakaokuja nyuma yake na msiba wa kweli. Aandike oncle. Na kama zimebaki siku za likizo yake ya mwaka, aziombe hizo, aseme wazi: "Kwenu ni oncle, kwetu ndiye baba aliyenilea, niacheni nikamzike." Wakubwa wengi, wakiambiwa hivyo, hufahamu kuliko tunavyodhani. Wao pia wana orodha ambayo hubadilika. Kabla ya 2021 mzazi aliyefiwa na mtoto alipewa siku tatu kama wengine. Wakaona wenyewe kwamba ni aibu, wakaongeza. Si amri za Musa zile.

Hatari yenyewe iko mahali pengine, nayo haionekani ofisini. Mtu aandika oncle mwaka huu, na mwaka ujao, na kila mara karatasi itakapotaka. Ni haki yake na ni kweli. Lakini neno likiandikwa mara nyingi kwa mkono hutafuta njia ya kuteremka moyoni. Siku moja simu yatoka Uvira usiku: shangazi ni mgonjwa, zahitajika fedha za hospitali. Naye, kabla hajajibu, ahesabu kidogo: mke, watoto, baba, mama… shangazi hayumo. Hakuna aliyemfundisha kuhesabu hivyo. Karani hakumwambia, mkubwa wa kazi hakumwambia. Orodha ilifanywa kwa ajili ya mishahara. Yeye ameigeuza kuwa orodha ya watu wake. Hapo jicho halikufumbwa. Limeng'olewa, na aliyeling'oa ni mwenyewe, usiku, bila mkubwa yeyote kuja kukagua sebule yake.

Ndiyo sababu wale wazazi waulizao kama mtoto amebadilika, twawaomba wasitazame mambo wayatazamayo. Amerudi likizo, amwita mtu kwa jina tupu. Afika saa kamili akamkuta mwenyeji hajaoga. Ala kwa dakika kumi na tano akaondoka mezani. Akuangalia usoni hata inaonekana ni ukosefu wa adabu. Hayo ni vumbi la njia. Mkumbusheni, naye atainamisha macho tena. Wengi hukumbuka siku ya pili au ya tatu. Tazameni afanya nini msiba ukitokea kwa mtu asiye katika orodha.

Huko Brussels kwenyewe watu wetu wametafuta namna yao, nayo si ya Uvira wala si ya Wabelgiji. Kazini hawawezi kuondoka, safari ni ghali, maiti imekwisha kuzikwa Jumanne. Basi matanga hufanywa Jumamosi usiku, katika ukumbi wa kukodi. Watu hutoka Liège, Namur na Antwerpen kwa gari moshi. Penye mlango pana meza yenye daftari. Kila mtu huandika jina lake na kiasi alichotoa, na hakuna aulizaye kama marehemu alikuwa baba wa kuzaa au wa kulea. Mara nyingine Wabelgiji wawili watatu wa kazini huja pia, na koti zao nyeusi, na mashada ya maua mikononi. Hawajui waketi wapi, wala waseme nini, wala kwa nini wengine wanalia na wengine wanakula. Wanainamisha macho. Mama mmoja huwashika mkono akawapeleka kwenye viti, akawapa sahani, akawaambia kwa sauti ndogo: sasa simameni, sasa kaeni, sasa nendeni mkampe mkono yule pale. Nao hufanya kama walivyoambiwa. Saa nane ya usiku viti hurudishwa ukutani na sakafu hufagiwa, maana ukumbi umekodiwa na wengine asubuhi.